Miezi mitatu na barua za Livingstone: stima ya mtoni iliyokuwa na pumu

Livingstone Online, tovuti yenye barua za mvumbuzi David Livingstone, haijanitoza hata senti moja. Natanguliza hilo kwa sababu nilishaliwa kabla: kuna hifadhi moja ya nyaraka ughaibuni niliilipa nakala za kurasa nne, nikaletewa mbili, tena moja imekatwa pembeni.

Nilikuwa natafuta habari za Ma Robert, stima (ya mtoni jamani, si umeme) ambayo David Livingstone aliipandisha mto Zambezi mwaka 1858. Jina ni la mkewe Mary, mama yake Robert, kama sisi tunavyosema Mama Asha. Kwenye tovuti hiyo unafungua picha ya barua yenyewe, wino wake, mistari aliyoikata, na nyingi zina nakala iliyochapwa. Anza na hiyo nakala. Mwandiko wa mzee yule ni njia ya siafu. Neno moja lilinisumbua siku nzima, kumbe ni Tete, jina la mji.

Soma kwa kufuata tarehe, usirukeruke. Mwanzoni chombo kinasifiwa. Ukifika 1859 sifa zimekwisha, zimebaki lawama kwa Laird aliyekiunda: mabati ya chuma membamba yanavuja, injini inahema mpaka Livingstone anaibandika jina la Mwenye Pumu. Mitumbwi iliyosheheni mizigo ilikuwa ikiipita! Na kuni zake? Mpingo. Hapo niliweka simu chini. Hata fundi wa mitambo, George Rae, roho ilimuuma kuutia mti ule motoni. Desemba 1860 ikakwama kwenye fungu la mchanga, ikajaa maji, ikaishia hapo.

Lakini jihadhari, maana anayelalamika ni mtu mmoja. Laird humsikii akijitetea, na waliokata kuni zile hawakuacha barua. Ndiyo maana nilipopata shajara ya John Kirk, daktari wa msafara ule (huyuhuyu aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza hapa Unguja), nikaanza kuzisoma sambamba. Kirk hamstahi bosi wake.

Kilichonigusa zaidi ni stima ya mwisho, Lady Nyassa. Iliundwa kwa ajili ya Ziwa Nyasa ikashindwa kulifikia, maporomoko ya mto Shire yaliizuia. Mwisho wa Aprili 1864 Livingstone akaing'oa nanga Unguja kwenda Bombay kuiuza, na tani 14 tu za makaa, akiwahi kabla kusi halijachafuka. Chombo cha ziwani, bahari kuu, siku 45! Kilimgharimu kama pauni 6,000, akakiuza 2,300.

Picha ni nzito, kwa hiyo zipakue usiku kwenye Wi-Fi, bando lisikuishie. Mimi sasa nawatafuta mabaharia saba wa Zambezi waliovuka naye. Kijana aitwaye Chuma, aliyekuwemo pia, anajulikana. Hao saba bado nawapekua.