Wamemwandikia mamangu "asili haijulikani": uzoefu wangu na chama cha historia ya familia

Nimekaa na hii hasira kama miezi miwili hivi nikijiambia itapoa, haijapoa, basi naandika. Kuna chama kimoja huku kwetu Mombasa upande wa Kisauni, wanasaidia watu kutafuta historia ya familia zao. Jina sitalitaja. Mkiniuliza kama muende nitawaambia msiende, tena msipoteze nauli yenu.

Sie ni watu wa Freretown, hapohapo Kisauni. Kwa asiyejua, ile kengele pale Kengeleni mnaposhuka matatu haikuwekwa kama pambo, ilikuwa inapigwa kuwatahadharisha watu wakiona hatari inakuja. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubaliana na Waingereza kwamba watumwa wasisafirishwe tena baharini, lakini majahazi yakawa bado yanapita kwa kujificha, manuwari za Waingereza zikawa zinayakamata, sasa wale watu waliomo ndani wapelekwe wapi? 1875 wamishenari wa CMS, yaani Church Missionary Society ya Waanglikana wa Uingereza, wakaanzisha kijiji hapo, wakakipa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kuujadili ule mkataba na Sultani. Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa kila namna wakashushwa hapo, wengine watoto wadogo. Wakabatizwa wakapewa majina ya kizungu, na ndiyo tunayoyabeba mpaka leo, ukitaja jina lako ofisini mtu anainua kichwa akuangalie kama umemdanganya.

Mamangu ana miaka sabini na kitu. Babu yake mzaa mama alikuwa Myao, alichukuliwa akiwa na mdogo wake na yule mdogo hakufika, alifia jahazini. Hayo mama aliambiwa na nyanya na nyanya aliambiwa na babake mwenyewe, kwa hiyo msiniambie ni mambo ya kusikia sikia. Na huyo babu aliwafundisha wanawe kuhesabu Kiyao. Mama anaweza mpaka wa leo, moja mpaka tano, anahesabu akikunja vidole kuanzia kidole kidogo.

Basi tukaenda siku ya Jumamosi, mama amevaa gauni lake la kanisani na amebeba Biblia ya nyanya ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ina tarehe za kuzaliwa zimeandikwa nyuma. Pesa ya uanachama nikatuma kwa simu hapohapo mlangoni. Mbele yetu kulikuwa na familia ya Kigiriama, mzee wao anataja baba, babu, babake babu, mbari yao, kaya yao, vizazi sita kwa mdomo mtupu bila karatasi hata moja, na yule mama katibu anaandika kila neno, anaitikia "enhe, endelea baba". Nikafurahi kweli. Nikasema hawa wanajua kusikiliza wazee.

Ikafika zamu yetu. Mama akaanza kueleza, akafika kwa babu yake, akasema ni Myao, akahesabu vile vidole vyake. Katibu hakuinua hata macho. Akauliza, "Kijiji gani? Mbari gani?" Mama akasema mtoto alikamatwa mdogo, mwanangu, hakujua. Basi yule mama akachukua kalamu nyekundu, nyekundu jamani, akapiga mstari kwenye nafasi ya ukoo na chini akaandika "asili haijulikani". Halafu akasema, na mama anasikia, "Hawa wa misheni ndio shida, hawana kwao. Sie tunataka ushahidi, si hadithi."

Hawana kwao! Mwanamke aliyezaliwa Kisauni, mamake kazaliwa Kisauni, aambiwe hana kwao na mtu ambaye dakika kumi zilizopita ameandika vizazi sita kwa mdomo! Siwaonei wivu wenzetu Wagiriama, walichoandikiwa ni haki yao, ila kama maneno ya mzee ni ushahidi kwa mmoja basi ni ushahidi kwa wote. Mama hakujibu kitu. Alifunga ile Biblia akairudisha kwenye mfuko polepole, akaukunja ule mfuko mdomoni mara mbili tatu. Mie ndio nilipaza sauti na sijutii.

Sasa kuna jambo jingine lazima niliseme maana nisiposema nitakuwa nimedhulumu mtu. Wakati tunatoka alitufuata mzee mmoja wa kujitolea pale, hana cheo chochote. Akamwambia mama, "Dada, usiende hivyo, njoo wiki ijayo makaburini." Mie sikutaka. Mama ndio alitaka, tukaenda.

Lile jiwe la babu tulikuwa tunalijua lilipo ila maandishi yalishaliwa na chumvi, miaka yote tunapapasa tu. Wajukuu walikuwa wanataka kulisugua na brashi ya waya, mzee akawakataza kwa ukali, eti mnafuta herufi zilizobaki. Akamwagia maji kidogo, akatoa kipande cha kioo mfukoni, kile cha kunyolea, akasimama pembeni akalirusha jua lipite juu ya jiwe kwa ubavu. Na herufi zikatokea. Kila herufi na kivuli chake. Mwaka, jina la ubatizo, halafu chini yake, kwa herufi ndogo, YAO. Mama alikaa chini kwenye majani na gauni lake.

Mzee akatueleza pia kwamba tusiishie kwenye daftari la ubatizo la kanisa, kwa sababu barua na ripoti walizokuwa wanatuma wamishenari ziko Uingereza, Chuo Kikuu cha Birmingham, ndiko makaratasi ya CMS yamehifadhiwa, na mtu anaweza kuwaandikia. Hayo yule katibu hakututajia, wala hakuna aliyetwambia siku ile tulipolipa.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Nilianza kwa kusema msiende. Labda niseme mwende, lakini mwende makaburini na huyo mzee, pale mezani msikae. Hapana, hata hiyo siipendi, kwa nini mtu alipe uanachama ili akwepe meza ya chama chenyewe? Wanafanya kazi ambayo hakuna mwingine anaifanya huku kwetu, wazee wanakufa kila mwezi na habari zao, hiyo najua. Na bado mtu mmoja na kalamu moja wanaweza kumfuta babu wa mtu.

Picha ya lile jiwe nimeipeleka kwa katibu mkononi, nimeichapisha kubwa. Akasema ataiweka kwenye faili. Nikamwambia sitaki faili, nataka fomu mpya, aandike kwa mkono wake Myao, na ile fomu ya kalamu nyekundu anipe niondoke nayo. Akasema nirudi Jumamosi. Nimerudi Jumamosi mbili, mara zote hayupo. Hii inayokuja mama anasema anakuja na yeye.