Kisu cha kazi ngumu kwa bei nafuu: tazama mkia kabla ya bapa

Wanunuzi wengi wa visu vya ala, yaani visu visivyokunjwa, huanza kwa kupima unene wa mgongo. Mgongo wa milimita sita hujaza macho, na wauzaji wanalijua hilo. Lakini kisu cha bei ndogo ni nadra kuvunjika katikati ya bapa. Hukatikia pale bapa linapoingia kwenye mpini, au makali yake hujikunja na kumeguka kwa sababu chuma hakikupikwa sawasawa, yaani hakikupashwa moto na kupozwa ipasavyo ili kiwe kigumu. Kwa hiyo visu vinne vinavyopitiwa hapa, Morakniv Companion Heavy Duty, Condor Bushlore, Cold Steel SRK cha chuma cha SK-5 na Becker BK2 cha Ka-Bar, vinaangaliwa kwanza kwa mambo hayo mawili.

Mkia ni sehemu ya bapa iliyojificha ndani ya mpini. Ulio imara kuliko yote una upana na urefu sawa na mpini wenyewe, na ukingo wake huonekana pande zote kama nyama iliyo ndani ya mkate uliopasuliwa. Upo mkia mwembamba uliofichwa, ambao ukitengenezwa vizuri hudumu miaka. Na upo ule wa kuepukwa: kijiti chenye nyuzi za skrubu kilichoungwa kwa moto kwenye shingo ya bapa, kisha kikafungwa nati kwenye kitako. Joto la kuunga huharibu upishi wa chuma hapohapo panapobeba mzigo mkubwa. Visu vyenye mpini ulio tupu ndani wa kuwekea viberiti na ndoana karibu vyote viko kundi hilo, viachwe dukani.

Hata mkia mpana unaweza kupasuka ikiwa kona ya ndani, kati ya bapa na mkia, imekatwa kama kona ya sanduku. Nguvu hujikusanya kwenye kona kali, ufa ukaanzia hapo. Kona ikizungushwa kidogo tu, mzigo husambaa. Vivyo hivyo kwa meno ya msumeno mgongoni: hula kipande cha mti unachogongea mgongo wa kisu unapopasua kuni, hayakati mti ipasavyo, na kila jino ni mwanzo wa ufa.

Kuhusu chuma, sheria ya kwanza ni kwamba kampuni iliyotumia chuma kizuri hukitaja jina. Neno la Kiingereza "stainless" (kisichoshika kutu) likiwa peke yake kwenye bapa halielezi chochote. "440" bila herufi ni fumbo, maana 440A ina kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75, ilhali 440C ina 0.95 hadi 1.20, hivyo ni vyuma viwili tofauti. Kwa kisu cha kugongwa, chuma cha kaboni kama 1075, 1095 au SK-5 huvumilia zaidi kwa bei ileile, na hunoleka haraka. Kasoro yake ni kutu. Ugumu unaofaa ni kati ya 56 na 59 kwa kipimo cha Rockwell. Chini ya hapo makali hulala, na juu yake sana humeguka vipande.

Companion Heavy Duty, kutoka Mora nchini Uswidi, ndicho cha bei ndogo kati ya hivi vinne na ndicho kinachokata vizuri kuliko vyote. Bapa lina urefu wa milimita 104 na unene wa 3.2, na limenolewa kwa mtindo wa Skandinavia: mteremko mmoja mpana kila upande unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye makali. Mtindo huo huchonga mti kama randa. Udhaifu uko sehemu mbili. Makali hayo membamba yakikutana na fundo gumu au mfupa, hutoka mapengo madogo. Na mkia haufiki mwisho wa mpini, kwa hiyo kitako si cha kugongea kitu. Klipu ya plastiki ya ala nayo inaweza kuchomoka kwenye mkanda mtu anapopita vichakani. Kwa kazi nane kati ya kumi, hata hivyo, hakuna sababu ya kutumia fedha zaidi.

Bushlore, kinachotengenezwa El Salvador, kina chuma cha 1075, bapa la takriban milimita 110 lenye unene wa tatu, na mkia mpana kamili. Ala yake ya ngozi ni nzuri kuliko bei ya kisu inavyostahili. Umaliziaji ndio hubahatishwa: mteremko wa upande mmoja unaweza kuwa mpana kuliko wa pili, na makali ya kiwandani mara nyingi yanahitaji saa moja ya kinoo kabla ya kuanza kazi.

SRK kina bapa la inchi sita, karibu milimita 150, lenye unene wa takriban tano, na uzito wa karibu gramu 230. Ndicho kinachofaa zaidi mtu anayetarajia kupasua kuni na kufyeka kwa kisu kimoja bila kubeba nondo kiunoni. Rangi nyeusi iliyopakwa bapani huzuia kutu, ila makali yenyewe hayana rangi, na hapo ndipo kutu huanzia. Ala ya plastiki hupiga kelele ukitembea.

BK2 ni shoka lililozaliwa kisu. Unene wa robo inchi, zaidi ya milimita sita, na uzito wa karibu gramu 450. Hakivunjiki kirahisi, mkia wake ni mpana hadi kitakoni, na vibao vya mpini hufunguliwa kwa skrubu ili kufuta kutu iliyojificha chini yake, jambo ambalo watengenezaji wengi hawalifikirii. Lakini kimenye nacho kiazi uone: kiazi kinapasuka kabla hakijakatika. Anayebeba shoka dogo tayari hana haja nacho.

Kisu kikifika mkononi, kitazame kutoka nchani kuelekea kwenye mpini, makali yakielekea juu kwenye mwanga. Makali mazima hayaonekani; mahali panapong'aa ni butu au pana pengo. Angalia kama mgongo umenyooka. Kisha weka makali juu ya fimbo ya shaba ya njano, ukiinua mgongo kidogo tu, na ukandamize taratibu: utayaona makali yakijikunja kidogo juu ya fimbo. Yakirudi mahali pake, chuma kimepikwa vizuri. Yakibaki yamelala, ni laini. Yakimeguka, ni kigumu mno. Usipokuwa na fimbo, pitisha tupa polepole sehemu ya nyuma ya bapa karibu na mpini. Tupa ikiteleza, vizuri. Ikiuma na kutoa unga kwa urahisi, kirudishe.

Kisu kizuri nacho huharibiwa na mkono. Katika kupasua kuni, kigogo kisizidi urefu wa bapa ukitoa sentimita nne au tano, kwa sababu ncha lazima itokeze ili uipige. Kwa Companion maana yake ni kuni za unene wa sentimita sita hivi. Gonga kwa kipande cha mti, kamwe si kwa nyundo ya chuma, na shika bapa lilale sawa na ardhi. Watu huvunja visu wanapoipiga ncha huku wakikandamiza mpini chini kwa nguvu: hapo shingo ya bapa inageuzwa kuwa mtaimbo. Kisu kikinasa kwenye fundo, usikizungushe. Chonga kabari ya mti, iingize kwenye ufa, igonge, kisu kitatoka chenyewe. Kwenye baridi kali chuma hupoteza uvumilivu, kwa hiyo pasha bapa kwa mwili kabla ya kuligonga.

Mapengo ya Companion hutibika. Laza mteremko wote juu ya kinoo cha namba 400, kisha cha 1000 kilicho laini zaidi, mpaka pengo litoweke. Halafu inua mgongo kidogo, pitisha mara tatu hadi tano kila upande bila kukandamiza. Mteremko huo wa pili mwembamba hauonekani vizuri kwa macho, lakini huyapa makali mwili wa kuvumilia mafundo. Kwa visu vingine pembe ya digrii 20 kila upande inatosha. Bapa lenye upana wa milimita 30, mgongo ukiwa umeinuliwa kama milimita kumi juu ya kinoo, liko kwenye pembe hiyo.

Kutu ya chuma cha kaboni hupunguzwa kwa siki ya moto. Osha bapa kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, lizamishe dakika kumi hadi ishirini, lisuuze, lipake mafuta. Litageuka kijivu, na ukijivu huo huchelewesha kutu bila kuizuia kabisa. Mafuta ya kupikia yaliyokaa hugeuka ulimbo, hivyo tumia mafuta ya madini yasiyo na harufu ikiwa kisu kitagusa chakula. Na Bushlore kisihifadhiwe ndani ya ala yake, kwani ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya bapa. Wiki chache tu zinatosha kutoboa vishimo vidogo ambavyo msasa hauvifikii.