Uzoefu wangu: miezi nane nalisha kuku funza wa BSF badala ya dagaa

Nina kuku wa mayai 60 hapa Kihonda, Morogoro, na kilichonipeleka kwenye funza ni dagaa. Nilikua natumia kama kilo 10 kila wiki mbili kwenye mchanganyiko wangu wa chakula cha kuku na bei ilipanda mpaka elfu nne na mia tano kwa kilo, alafu ukiwapepeta unakuta mchanga umejaa kiganja, yaani inauma sana kwa sababu huo mchanga nao umeupimiwa kwenye mzani. Nikisema funza simaanishi wale wa kuingia miguuni, ni mabuu ya nzi mweusi mwembamba anaitwa BSF (black soldier fly), na sio nzi huyu wa chooni, yule akishakua mkubwa hahitaji kula, anaishi kama wiki hivi kwa akiba ya mafuta aliyokula utotoni, kwa hiyo hana shida na chakula chako mezani.

Nilianza kwa kununua wakavu kilo 5, elfu sita kwa kilo. Kuku waliwapenda toka siku ya kwanza, hapo sina la kusema, ila hesabu ilinigomea. Funza mkavu ana protini kama asilimia 40 na kidogo, dagaa mzuri asie na mchanga anampita, sasa kwa nini nilipe zaidi? Na ana mafuta mengi sana, gunia langu lililokaa wiki tano stoo likaanza kunuka mafuta yaliyochacha nikalazimika kuacha kulitumia. Kama unataka kuonja tu uone kuku wako watapokeaje, nunua kilo moja ya wakavu, zaidi ya hapo mimi sishauri.

Mume wangu alikua hataki kabisa, alisema watu wakijua mayai yetu yanatokana na funza hawatanunua tena. Nikamwambia wenzetu Kenya toka 2017 wana kiwango rasmi cha wadudu wakavu kwenye chakula cha mifugo, na Ulaya walioogopa protini za wanyama kwenye chakula cha mifugo tangu ule ugonjwa wa ng'ombe kichaa nao 2021 wakaruhusu wadudu kwa kuku na nguruwe. Lakini kilichomlainisha kweli ni mama yake, alisema kuku wa kienyeji akichakura jalalani mnadhani anatafuta nini pale? Basi.

Nikaagiza mayai ya BSF gramu 10, elfu tatu kwa gramu, kwa basi kutoka Dar. Ni vidogo kama vumbi, gramu moja ina mayai maelfu kwa maelfu. Mzigo wa kwanza uliachwa kwenye ofisi ya vifurushi mchana kutwa kwenye joto na karibu nusu havikuanguliwa, muuzaji hakunirudishia hata shilingi, nilimpigia mara tatu akaacha kupokea. Mzigo wa pili nilichukua kwa mtu mwingine, nikamuomba apakie kwenye basi la alfajiri na nikaenda kuupokea mwenyewe stendi, ukaangua vizuri sana.

Siku tano za kwanza nawapa chakula cha vifaranga kilicholowana kidogo, hapo usibane mkono kwa sababu wakidumaa hapo ndo basi. Baada ya hapo ni mabaki ya soko la Mawenzi, nyanya zilizopasuka, maembe, maganda ya ndizi, matikiti, na machicha nikipata. Kinyesi situmii maana hawa wanaenda kuliwa na kuku na mayai yanaenda kuliwa na watoto wa watu. Kitu cha kuwa nacho makini kuliko vyote ni maji. Ukikamata chakula kwenye ngumi kikatoa maji yanayotiririka, ongeza pumba palepale, vinginevyo kinanuka na funza wanaanza kupanda kuta za beseni, kuta zikiwa zimelowa wanapanda kama hakuna kitu. Usiku mmoja wa mvua ya Machi bati lilivuja, asubuhi wako mpaka kwenye kibaraza cha jirani na yule mama ana mtoto mchanga, niliumia sana nikaenda kuomba radhi na kufagia mwenyewe. Toka siku hiyo mabeseni yako chini ya paa zima, na miguu ya meza imesimama kwenye vikopo vya maji kwa ajili ya sisimizi, maana sisimizi wanaweza kumaliza beseni zima la wadogo.

Siku ya 15 mpaka 18 wanakua wanene na weupe, hapo navuna. Gramu 10 zikienda vizuri zinanipa kama kilo 25 wabichi. Na hapa ndo watu wengi wanajidanganya, kilo 25 zinasikika nyingi ila funza mbichi sehemu kubwa ni maji, kilo tatu za wabichi ndo kilo moja ya wakavu, kwa hiyo nina kama kilo 8 tu za kweli. Nawachovya kwenye maji yanayochemka dakika chache, nawaanika, wakikauka nasaga. Dagaa nimeshuka kutoka kilo 10 mpaka 4 kwa wiki mbili, vipimo vya mashudu, chokaa na premiksi (vitamini na madini) sijabadili, na utagaji haujashuka.

Sasa piga hesabu. Nimeokoa dagaa kilo 6, ni elfu 27, na mayai ya BSF nimelipia elfu 30. Hakuna nilichookoa! Miezi mitatu nilikua nafanya kazi ya bure, nikipata tu mbolea yao, ambayo kiukweli mchicha wangu haujawahi kuwa vile.

Faida imekuja mwezi wa nne nilipoanza kuwatagisha mwenyewe, yaani kila uvunaji naacha beseni moja mpaka wageuke weusi, hao wanatembea wenyewe kutafuta pakavu, nawaweka kwenye pumba kavu gizani, wakitoka nzi wanaingia kwenye kizimba cha neti nilichoshonesha kwa fundi cherehani. Wanahitaji jua ndo wapandane, maji unawapulizia tu, na vipande vya mbao vimefungwa pamoja juu ya ndoo ya matunda yanayonuka, jike anaingiza mayai kwenye nyufa. Juni na Julai mawingu yalikua mengi, mayai yakapungua mpaka nikanunua tena gramu 5. Miezi mingine sinunui.

Kwa mwenye kuku 10 au 20 sioni haja ya kizimba, wape wabichi kutoka beseni moja inatosha. Kwa mwenye 50 kwenda juu na soko liko karibu, usinunue mayai ya BSF kama huna mpango wa kizimba ndani ya miezi miwili. Mimi saivi nashonesha neti ya pili, kubwa zaidi, nataka ifike kabla baridi halijarudi niione Juni itakuaje ikikaa upande wa mashariki wa nyumba ambapo jua linapiga toka asubuhi.