Honda Fit iliyotumika, kwa dereva mwenye magoti ya uzee

Kwa umri wangu, gari silichagui kwa rangi wala kasi. Nafungua mlango, nageuza mgongo, nakaa, halafu ndiyo naingiza miguu. Nikilazimika kujishusha kama naketi kwenye kigoda, hilo si langu. Honda Fit ya toleo la pili, lililoanza Japani mwaka 2007, imefaulu. Kiti cha dereva hakiko chini sana, na paa limeinuka kiasi kwamba siinamishi kichwa.

Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nyuma kuna nafasi usiyoitegemea kwa gari dogo hivi. Sehemu ya kukalia ya kiti cha nyuma unainyanyua wima, kisha unapachika kigari cha kutembelea hapo sakafuni bila kufungua buti.

Watu watakwambia Toyota Porte, kwa ule mlango mkubwa wa kuteleza. Mlango ni mzuri, sikatai, ila uko upande wa abiria! Dereva anaingilia wa kawaida. Kama unaendeshwa, chukua hiyo.

Ukienda kukagua, bonyeza kiti cha dereva upande wa mlangoni. Sponji ikishachoka, ule urefu uliokuvutia haupo tena. Ulizia oili ya gia ilibadilishwa lini, kisha ondoa gari taratibu ukisikilizia. Likitetemeka wakati wa kuondoka, mrudishie muuzaji funguo zake.