Daluga za barafu: nimezikimbilia msimu mzima wa baridi

Nilizinunua Desemba, siku tatu baada ya kuanguka. Wala sikuanguka mazoezini, nilikuwa natoa takataka. Mguu ulishika njia yake, mimi nikashika yangu, mfuko wa taka ndio uliobaki umesimama. Na nilikuwa nimeshalipia Around the Bay, zile mbio za kilomita 30 za hapa Hamilton, Kanada, zinazozunguka ghuba mwishoni mwa Machi. Zilianza mwaka 1894, miaka mitatu kabla ya Boston Marathon, na wenyeji hawachoki kukukumbusha. Sasa anayekimbia Machi mazoezi yake ni Januari na Februari, na mimi nimekulia Moshi.

Ninazozisema ni daluga za kuvalisha juu ya raba: mkanda wa mpira unaokumbatia kiatu mbele na nyuma, chini una meno mafupi ya chuma kigumu. Nilizipata kwa dola 50 na ushee za Kanada. Kabla yake jirani aliniazima zile za waya uliosokotwa kama springi. Za kwendea dukani zinafaa, ila za kukimbilia hapana. Nilikata kona moja tu, springi ikahama ikapanda juu ya kidole gumba.

Watu wakisikia nyuzi hasi 15 wanadhani shida ni baridi. Baridi inavalika. Fulana ya sufu ndani, koti la kukinga upepo nje, glavu zile za vidole vyote chumba kimoja, na ukitoka nyumbani ukiwa unatetemeka kidogo ujue umevaa sawasawa, maana baada ya kilomita mbili utakuwa umechemka. Kinachotisha ni barafu usiyoiona. Mchana theluji inayeyuka, maji yanatiririka njiani, usiku yanaganda, alfajiri lami inaonekana imelowa tu kumbe ni kioo. Chumvi wanamwaga, lakini baridi ikishapita hasi 10 hivi chumvi ya kawaida nayo inachoka. Mimi hukimbilia Waterfront Trail, kutoka Bayfront Park kuelekea Princess Point, kando ya maji, na huko kuna vipande ambavyo bila daluga nilikuwa nakwenda kwa hatua za bata, mikono nimeitanua kama napita juu ya ukuta.

Siku ya kwanza nimezivaa sikuamini. Kwacha, kwacha, kwacha, meno yanauma barafu, mguu haupepesuki. Nikarudi kwenye mwendo wangu wa dakika sita na nusu kwa kilomita bila kufikiria unyayo. Kwa kazi hiyo moja nazipa tano kwa tano.

Kwenye lami kavu ni habari nyingine, na muuzaji hakuiandika popote. Ukikanyaga pakavu unahisi kila jino chini ya kidole, kama unakimbia juu ya kokoto zilizogundishwa kwenye soli. Wiki moja barabara ilikuwa nusu barafu nusu kavu, nikaona uvivu kuvua, nikakimbia nazo kilomita 18 hivyo hivyo. Mashavu ya miguu yalinikaza siku tatu, ngazi za nyumbani nilishuka kinyumenyume. Tena lami inayala meno: kufikia Februari ya mguu wa kulia, ninaoukanyagia zaidi, yalikuwa yamefubaa. Kwa hiyo vua. Vua hata kama ni mita 500, zifunge kiunoni, uendelee.

Ndani ya nyumba pia vua. Niliingia mgahawani kununua kahawa, meno yakakutana na vigae, na mwanamume mzima nikaokolewa na mlango wa friji ya soda.

Mpira nao una tabia zake. Uvalishe ungali ndani kwenye joto, uanzie kwenye vidole, halafu uvute kisigino. Nje kwenye hasi 20 unakakamaa, ukiulazimisha unapasuka. Wangu ulipasuka wiki ya saba. Nikaandikia duka la mtandaoni nililonunulia, wakaomba picha, nikatuma. Wakaomba risiti, nikatuma. Mwisho wakanitumia kipande kimoja, saizi ndogo. Kwa huduma hiyo nazipunguzia nyota, ingawa daluga zenyewe hazina kosa. Wewe pima saizi ukiwa na raba unayokimbilia mkononi, usikadirie.

Mama aliniona nazo kwenye simu ya video akacheka mpaka akakaa. "Baba, wamekufunga minyororo kama gari la mnadani wakati wa masika?" Sikuwa na jibu, maana ndivyo hasa.

Kama mtaa wako unasafishwa kila asubuhi, au una mashine ya kukimbilia karibu na unaistahimili (mimi dakika 40 zinanitosha kuchukia ukuta), hela hiyo nunulia soksi nzuri za sufu. Ila kama njia yako iko kando ya ziwa au bustanini, nunua Novemba, kabla saizi yako haijaisha.

Siku ya mbio barabara ilikuwa kavu kabisa, sikuzihitaji. Vile vilima vya North Shore Boulevard, kwenye theluthi ya mwisho, vilinitoa jasho la Moshi. Daluga zimening'inia nyuma ya mlango hivi sasa, pamoja na mwamvuli. Nimetundika daluga, mpaka Novemba.