Chakula cha Kireno Shangani, Mtwara: Agiza Pweza, Tena Wakati wa Bamvua

Mtwara haina uhaba wa mahali pa kula samaki, na mtu aliyezoea samaki wa kukaanga wa soko la Feri ana haki ya kuuliza kwa nini alipe mara mbili au tatu zaidi kwa sahani moja. Mgahawa ninaouandikia hapa unaendeshwa na mama mmoja, mumewe na watoto wao katika baraza ya nyumba yao ya Shangani, wenye meza chache na ubao wa chaki badala ya menyu, na chakula chao ni cha Kireno. Mama huyo alirithi mapishi kwa mama yake mzazi, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Wareno mjini Pemba, Msumbiji, enzi ambazo mji huo ulikuwa bado ukiitwa Porto Amélia. Kwa watu wa huku hilo si jambo la ajabu, kwa kuwa Wamakonde wapo pande zote mbili za Mto Ruvuma na kuvuka kwenda kusalimia ndugu ni kawaida. Lililo geni ni kukuta sahani hizo zikiuzwa mtaani badala ya kuliwa nyumbani kwa watu.

Sahani ya kuagiza ni pweza, na nasema hivyo nikiwa nimeshaonja karibu kila kitu kilichoandikwa ubaoni. Wareno huita mapishi hayo polvo à lagareiro. Pweza huchemshwa mzima pamoja na kitunguu, kisha minyiri hupangwa kwenye sinia, humwagiwa mafuta ya zeituni kwa ukarimu, hutiwa vitunguu saumu vilivyokatwa na kuokwa hadi ncha zianze kukauka. Huandamana na viazi vidogo vilivyookwa na maganda yake, ambavyo hupigwa ngumi moja kila kimoja ili vipasuke na kunyonya mafuta. Jikoni hakuna oveni ya umeme. Sinia huwekwa kwenye sufuria pana, moto juu na chini, na harufu ya mkaa inayobaki kwenye minyiri ni kitu ambacho oveni isingeweza kutoa.

Ubora wa sahani hiyo, hata hivyo, hufuata bahari. Pweza wa pwani yetu huchokolewa mwambani kwa miguu pale maji yanapokupwa sana, kwa hiyo wakati wa bamvua anapatikana wa siku hiyo hiyo, na maji yakiwa mafu hutolewa aliyehifadhiwa kwenye friza. Nilipomwamkia mama mwenye mgahawa na kumwomba pweza siku ya maji mafu, hakunificha: “Marahaba mwanangu. Pweza ninaye, lakini ni wa kwenye friza. Ukitaka wa leo, uje bamvua.” Niliagiza huyo huyo. Kwa kweli alikuwa laini kuliko yule mbichi, maana kugandishwa hulegeza nyama kama vile mkong'oto wa wavuvi wetu unavyoilegeza, na Wareno wengi humgandisha pweza makusudi kabla ya kumchemsha. Ladha ya bahari, lakini, ilikuwa imepungua, na mchuzi uliobaki kwenye sinia haukunishawishi kuufuta kwa mkate.

Mtihani mkubwa wa mgahawa wowote wa Kireno ni bacalhau. Huyu ni samaki wa bahari za baridi za kaskazini mwa Atlantiki, ambaye sehemu kubwa ya anayeliwa Ureno hutoka Norway; hutiwa chumvi na kukaushwa, na kabla ya kupikwa hulowekwa siku moja au mbili huku maji yakibadilishwa. Wareno humla mwaka mzima, na usiku wa kuamkia Krismasi katika nyumba nyingi ndiye chakula chenyewe. Kumpata Mtwara ni shida, na bei yake ingemfukuza mteja. Mama ametatua tatizo hilo kwa nguru mkavu wa huku kwetu, na ubaoni ameandika wazi kwamba ni nguru, jambo ninalomheshimu kwalo, kwa sababu wapo wafanyabiashara ambao wangeandika jina la kigeni na kunyamaza. Humloweka tangu jana yake, humchambua miiba kwa mkono, kisha humchanganya na vitunguu, viazi vilivyokatwa vyembamba mno na kukaangwa, na mayai yanayotiwa mwishoni na kuepuliwa yakiwa bado na unyevu. Zeituni nyeusi na majani ya kotimiri hunyunyizwa juu.

Matokeo yake ni chakula kizuri, lakini si kile kile. Bacalhau niliyokula Maputo ilikuwa ikiachana kwa mapande manene yenye unyevu, ilhali nguru mkavu huachana kwa nyuzi fupi na kavu, na harufu yake ni kali zaidi. Mtu aliyekulia kwenye ng'onda ataipenda. Mreno angekula, angeshukuru, kisha angeuliza samaki yuko wapi. Ningependa mayai yaongezwe kidogo ili kuufidia ukavu huo.

Wali wa vyakula vya baharini, arroz de marisco, unahitaji maelezo ambayo mgahawa hautoi vya kutosha. Ni wali wa rojo kwa makusudi: kamba, kaa na ngisi hupikwa na nyanya, vitunguu saumu na supu ya maganda ya kamba, na mchele hutiwa humo na kuepuliwa kabla haujakauka. Sisi tuliozoea wali wa nazi unaochambuka punje kwa punje humwona mpishi kama aliyezidisha maji. Meza ya jirani bwana mmoja aliirudisha sufuria yake akisema, “Dada, huu bado haujaiva,” na binti wa nyumba, kwa adabu kubwa, ikabidi amweleze kwamba ndivyo unavyoliwa, kwa kijiko. Maneno mawili ya chaki ubaoni yangemwepushia kazi hiyo. Wali wenyewe ni mtamu, na kaa huja na ganda lake, kwa hiyo usivae shati jeupe.

Kuku wa pilipili hana mengi ya kuelezwa: amepasuliwa mgongoni, amelazwa kwenye pilipili kichaa, limao, vitunguu saumu na mafuta, na amechomwa taratibu. Ni mzuri. Supu ya viazi na sukuma wiki, caldo verde, hapa hutiwa vipande vya soseji ya ng'ombe, kwani mama hapiki nguruwe kabisa ili wateja wake Waislamu wale bila wasiwasi, na nadhani uamuzi huo ni sahihi ingawa moshi wa soseji ya asili unakosekana. Pombe pia haiuzwi. Kuna juisi ya ukwaju, baridi na isiyozidishwa sukari.

Kwenye vitamu, ushauri wangu ni kuziacha pastéis de nata. Vitobosha hivi vya kastadi, ambavyo Belém, jijini Lisbon, vimekuwa vikiuzwa tangu 1837, vinahitaji moto mkali sana ili uso uungue madoadoa na ganda liwe kavu na la kukatika. Moto wa mkaa wa sufuria haufiki huko, na nilizopewa zilikuwa nyeupe juu na zimelowa chini. Agiza badala yake keki bapa ya korosho. Ureno hutengenezwa kwa lozi; mama ameweka korosho za hapa, zilizopikwa kwa siagi na sukari hadi zikawa kahawia, na kwa kuwa mkorosho wenyewe uliletwa pwani hii na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, hakuna wa kulalamika kwamba mapishi yameharibiwa. Nilipata kipande cha pembeni, ambako sukari ilikuwa imeganda na kushika meno kidogo, na ningeomba hicho hicho tena.

Lawama yangu kubwa ni muda. Kila kitu huanza kupikwa baada ya kuagizwa, jiko ni moja, na meza tatu zikijaa kwa pamoja unaweza kukaa zaidi ya saa nzima na kikapu cha mkate ambao, kusema kweli, ni mkate wa dukani uliopashwa moto. Jioni mbu wa barazani nao wana zamu yao. Pweza ni Sh 18,000, nguru Sh 14,000, nusu kuku Sh 12,000, na sufuria ya wali ya watu wawili Sh 30,000. Unalipa taslimu au kwa simu. Ni afadhali kupiga simu asubuhi na kuagiza kabisa, hasa kwa anayetaka keki ya korosho, kwa sababu hutengenezwa moja tu kwa siku na watoto wa nyumba nao wana fungu lao.