Kuungamiana wakati wa mfungo: mkutano wa wazi, watu watatu, au grupu la WhatsApp?

Januari makanisa mengi hutangaza mfungo wa siku 21, na Kwaresima ikifika wengine hufunga siku 40. Katikati ya mfungo hupangwa kipindi cha maungamo, waumini wao kwa wao, kwa kufuata Yakobo 5:16. Tumepima njia tatu zinazotumika sana, kwa maswali mawili tu: je, mtu ataitaja dhambi yenyewe? Na aliyoyasema yatabaki palepale?

Mkutano wa wazi: 3 kati ya 5

Huu ni urithi wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la toba lililoanzia Gahini, Rwanda, likasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930. Ndugu anasimama, anasema "Bwana asifiwe", anaweka jambo lake nuruni, kisha wote wanaimba Tukutendereza Yesu, yaani "Tunakusifu Yesu" kwa Kiganda. Usiudharau wimbo huo. Unamwokoa aliyeungama asibaki amesimama kwenye ukimya, na unamfunga mdomo yule mzee anayetaka kuuliza "ilikuwa na nani?"

Njia hii inafaa kwa dhambi ambayo mkutano wenyewe umeguswa nayo: fedha za kanisa, uongo uliosemwa kwenye kamati, chuki kati ya wawili waliokaa humohumo. Inaharibika kwenye uzinzi. Mwenzake wa dhambi anatambulika hata asipotajwa jina, na mume anasikia kwa mara ya kwanza akiwa kwenye benchi, mbele ya majirani. Kilichotendwa mbele ya wote kiungamwe mbele ya wote. Kingine kina mahali pake. Kasoro nyingine ni mazoea: dhambi ileile ya zamani husimuliwa kila mwaka mpaka inageuka ushuhuda, na ya wiki iliyopita haiguswi.

Kikundi cha watu watatu: 4 na nusu

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika kanuni za vikundi vya namna hii mwaka 1738, na bado hakuna aliyezipita sana. Watu watatu, wanne wakizidi, jinsia moja, asiwemo bosi wako, mkweo wala anayekudai. Saa moja inatosha: dakika 10 za Zaburi 51 na kimya, dakika 15 kwa kila mmoja pamoja na maombi yake, na dakika 5 za mwisho kupanga marejesho. Kusoma kutangulie. Katika Nehemia 9, Waisraeli wakiwa kwenye mfungo walisoma torati robo ya siku, ndipo wakaungama robo nyingine.

Anayeungama ataje kitendo. "Sijawa mwaminifu kwenye fedha" haijasema kitu. "Nilichukua shilingi 50,000 za kikoba, nikaandika kwenye daftari kwamba Mama fulani hajarejesha" imesema, na hapohapo inaonekana nani arudishiwe nini: kikoba kirudishiwe fedha, na yule mama asafishwe jina lake mbele ya wanachama. Wengi husahau hilo la pili.

Msikilizaji kazi yake ni ndogo na ngumu. Asiseme "hata mimi", asiseme "hiyo mbona ndogo", asitoe mawaidha. Aulize swali moja tu, "umemaliza?", asome 1 Yohana 1:9 kwa sauti, amwombee mwenzake. Kiongozi aanze yeye, na alete jambo bichi. Akifungua kwa "huwa nachelewa ibada", wote watachelewa ibada siku hiyo.

Nusu alama imekatwa kwa sababu ya siri. Padri Mkatoliki akivunja siri ya kitubio moja kwa moja anatengwa na Kanisa. Ndugu yako wa kikundi hana kifungo kama hicho. Siri nyingi hazitoki kwa ubaya, zinatoka kwa mlango wa maombi: "tumkumbuke ndugu fulani, ana jambo zito." Kubalianeni mapema kwamba hata ombi la namna hiyo halitoki nje. Kubalianeni pia kisichofichwa. Mtoto akiwa anadhurika, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Lisemwe kabla mtu hajafungua kinywa.

Kisha kuna suala la saa ya kukutana. Aliyezoea chai ya rangi au kahawa kila asubuhi huumwa kichwa na kuwa na hasira siku mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo msikutane hapo. Mfungo mkavu, usio na maji, ukifika jioni machozi yanakuwa karibu sana, na viongozi wengine huyahesabu kuwa toba. Mtu mwenye njaa kali anaweza kusema asiyokusudia na kujuta akishapata uji. Saa nne asubuhi, baada ya maji, kuanzia siku ya nne, ni wakati mzuri. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo na anayechoma insulini waje wakiwa wamekula. Kuungama hakuhitaji tumbo tupu.

Grupu la WhatsApp: 1

Ujumbe unapigwa picha kabla hujaufuta, na "futa kwa wote" haigusi picha hiyo. Simu inaazimwa nyumbani, mtoto anasoma. Aliyeandika usiku akiwa na uchungu anaamka asubuhi akikuta alama za bluu 40 na majibu mawili ya "Amina". Litumieni kupanga saa na mahali tu. Kwa walio mbali, mathalani wanaofanya kazi za zamu Muscat au Minneapolis, simu ya watu watatu kwa sauti, kila mmoja akiwa peke yake chumbani, inafikia alama 3. Spika izimwe, vaeni visikizio.